Mkono Unaojua Kuachia

Mwalimu mzuri wa ushonaji hamfundishi kijana mwenye ulemavu wa akili kutunga uzi kwa kuanzia mwanzo. Anaanzia mwisho. Asubuhi anaitunga cherehani yote mwenyewe: anautoa uzi kwenye rola iliyo juu ya mashine, anaupitisha kati ya visahani vinavyoukaza, anaupandisha kwenye ule mkono wa chuma unaopanda na kushuka, anaushusha hadi kwenye sindano, kisha anauchomeka tunduni mpaka ncha yake itokeze upande wa pili kiasi cha ukucha. Hapo anaacha. Kijana amebakiziwa tendo moja tu, kuishika ile ncha na kuivuta. Akiivuta, cherehani iko tayari, na aliyemaliza kazi ni yeye.

Tendo hilo likishakaa mkononi, mwalimu anarudi nyuma hatua moja. Sasa anaufikisha uzi mbele ya tundu la sindano bila kuuchomeka; kijana anauchomeka na kuuvuta. Siku nyingine anaishia kwenye mkono wa chuma, nyingine kwenye visahani, mpaka inafika asubuhi ambayo anaweka rola juu ya mashine na kukaa pembeni. Inaweza kuchukua wiki kadhaa. Kwa wengine ni miezi. Lakini muda wote huo hakuna siku ambayo kijana aliinuka kwenye kiti akiwa hajamaliza alichokianza.

Njia hii ina sababu, na sababu yenyewe ni nzito. Anayefundishwa kuanzia mwanzo hukutana na kosa kabla ya kukutana na mafanikio. Atapitisha uzi pale pa kwanza, pa pili, atakosea pa tatu, aambiwe arudie. Ikifika saa sita amerudia mara nyingi na hajashona chochote. Sasa mkumbuke kijana mwenyewe. Ana miaka 20 au 25, na karibu maisha yake yote nyumbani ameambiwa neno moja: acha, utaharibu. Ameliamini. Akikosea tena hapo kwenye cherehani, hashangai; anaona ndivyo alivyo. Anayeanzia mwisho hujua kwanza ladha ya kumaliza, na ladha hiyo ndiyo inayomrudisha kesho yake bila kuitwa.

Ufundi ninaotaka kuusifu ni huo wa mwalimu. Wageni wanaotembelea mafunzo ya vijana wenye ulemavu hupenda kuonyeshwa shati lililoshonwa, mkeka uliosukwa, sabuni iliyokatwa vipande. Ni haki yao kupenda, na ni haki ya vijana kujivunia. Ila mimi jicho langu huenda kwenye mkono wa mwalimu: uko wapi sasa hivi, umemgusa mwanafunzi au umejizuia, na kama umemgusa, utaondoka lini.

Kabla ya kumfundisha mtu mwingine, mwalimu huyu huanza kujifundisha upya mwenyewe. Anaifanya kazi anayoijua tangu ujana wake, taratibu mno, huku akiandika kwenye daftari kila tendo ambalo mwili wake unalifanya. Sisi tulioizoea kazi hatuoni tena viungo vyake. Tunasema “kanyaga” kana kwamba ni jambo moja. Kumbe kanyagio la cherehani linataka nyayo mbili zisikilizane, vidole na visigino vikipokezana bila kupumzika, na gurudumu lizunguke kumwelekea mshonaji. Likirudi kinyume, hata nusu mzunguko, uzi unajisokota chini ya kitambaa na kukatika. Mwalimu anayejua hilo anaufungua mkanda kabisa. Kwa siku za mwanzo miguu inajifunza peke yake, na gurudumu la chini linazunguka bila kuendesha kitu. Mkanda ukirudishwa, sindano bado haina uzi, na chini yake hakuna kitambaa. Kuna karatasi ya daftari lenye mistari. Kijana anashona matundu. Matundu yakifuata mstari ulionyooka, mwalimu anachora mstari uliopinda, kisha pembe, kisha duara. Karatasi haidanganyi na haigharimu kitu, na ukiiinua juu kuelekea dirishani unaona mwanga ukipita kwenye kila tundu, mahali mkono ulipotulia na mahali uliposhtuka.

Kisha kuna mkono wenyewe. Mwanzoni mwalimu anaweka kiganja chake juu ya kiganja cha mwanafunzi na wanasukuma kitambaa pamoja. Wiki ikipita, kiganja kinarudi kwenye kifundo. Kutoka kifundo kinapanda hadi kiwiko, kutoka kiwiko hadi begani, kugusa tu. Baada ya bega ni kidole kinachoonyesha. Baada ya kidole ni jicho: mwanafunzi anainua uso, mwalimu anaangalia pale uzi ulipokwama, basi. Kisha mwalimu anageuka na kushughulika na mwingine. Hizi ni ngazi, na kila ngazi ina hatari mbili. Ukishuka haraka, mwanafunzi anaanguka. Ukichelewa, anazoea kuegemea, na utakuwa umemfundisha kukusubiri wewe badala ya kushona. Hakuna kitabu kinachoweza kukuambia ni saa ngapi uondoe mkono begani mwa kijana fulani wa Nyamongo au Mugumu, mkoani Mara. Hilo linajulikana kwa kuhisi misuli yake chini ya kiganja chako: pale unapoona kwamba ni yeye anayeongoza na wewe unafuata, mkono wako hauna kazi tena hapo.

Na kusubiri. Kijana anasimama na kitambaa mkononi, amesahau kinachofuata. Mwalimu anajua. Wenzake wote mezani wanajua. Ulimi unawasha. Mwalimu anahesabu kimyakimya na hasemi, kwa sababu wengine huhitaji muda mrefu kuliko wetu ili wazo litoke lilipo lifike mkononi, na ukilikatiza njiani linarudi mwanzo. Naona hilo ndilo gumu kuliko yote katika kazi hii.

Kwa kijana asiyeona, mkono hukaa mahali pengine kabisa. Ukishika vidole vyake kwa juu na kuviburuta kwenye kitu, umeyafumba macho yake ya pili. Mwalimu anayejua anaweka mkono wake chini, wa mwanafunzi ukae juu kwa hiari yake, na wa chini ndio unaofanya kazi: kusuka ukili, kupima kina cha shimo la mche, kuhisi kama unga uliokandwa umelainika. Mwanafunzi anaisoma kazi kupitia mgongo wa mkono wa mwalimu. Akitaka kuondoka, anaondoka.

Kwa kiziwi tatizo ni macho kuwa na kazi mbili. Mwanafunzi anayesikia anaweza kuangalia mikono yako huku akikusikiliza. Kiziwi akiangalia mikono inayoshona, haoni mikono inayosema. Kwa hiyo mwalimu anayetumia Lugha ya Alama ya Tanzania hufundisha kwa vipande: anaonyesha, anasimama, anangoja macho yainuke, anaeleza, anangoja macho yashuke, anaonyesha tena. Anakaa mahali ambapo mwanga unamwangukia usoni na mikononi, kamwe si mgongo dirishani. Mashine nayo ina namna yake ya kujieleza. Fundi anayesikia hutambua kwa mlio kwamba sindano imeanza kugonga chuma. Fundi kiziwi hutambua kwa viganja vilivyotulia juu ya meza, na mtikisiko ule humfikia upesi kama sauti inavyotufikia sisi.

Nimezungumzia cherehani kwa urefu kwa sababu huko Tarime na Serengeti, wilaya za Mara, ndiyo ajira inayoweza kukaa barazani. Sare za shule zinashonwa kila Januari, mitumba inahitaji kupunguzwa na kuwekwa zipu, na mpaka wa Sirari huleta watu na vitambaa kutoka pande zote mbili. Lakini si kila mkono ni wa cherehani. Tarime ina milima ya kahawa na migomba, mvua ya kutosha, na ardhi inayogombewa. Serengeti iko chini zaidi, kuna mahindi, mtama na pamba, na vijiji vinavyopakana na hifadhi hukesha kulinda mashamba dhidi ya tembo. Kijana anaweza kufuga kuku, kulima mboga, kutunza mbuzi wa maziwa. Mwalimu mwenye akili huanza kwa kuuliza familia ina nini na soko la karibu linanunua nini, ndipo achague ufundi. Kumfundisha mtu kuoka mikate kwa tanuri la umeme, wakati kwao hakuna nguzo hata moja, ni kumwibia muda.

Kuku wa kienyeji wanafundisha vizuri sana. Adui yao mkubwa ni kideri, na kinga yake ni chanjo inayostahimili joto, inayotengenezwa hapahapa nchini: tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi 3 hadi 4. Tone moja linasikika kama jambo dogo. Kwa kijana mwenye mtindio wa ubongo ambaye mikono yake hutetemeka, ni mlima. Basi kazi inagawanywa. Mwenye nguvu za kifua anamkumbatia kuku, mbawa zikiwa zimebanwa na kichwa kimelazwa ubavu. Mwenye mkono uliotulia anashika kichupa wima juu ya jicho na kungoja tone lianguke lenyewe, kuku apepese, lizame. Wa tatu, ambaye labda hashiki chochote vizuri, anamwachia aliyechanjwa kwenye banda la pili na kuhesabu kwa kokoto. Watatu hao kwa pamoja ni mfugaji mmoja kamili, na mwalimu aliyewapanga hivyo alilazimika kwanza kuwaangalia kwa muda mrefu, kila mmoja kwa wakati wake.

Stadi za maisha wengi huziona kama kiambatanisho cha ufundi. Mimi naona ndizo zinazoubeba. Fundi asiyejua chenji atanyonywa mpaka aache. Fedha zetu zenyewe zinasaidia kufundisha: noti ya shilingi 1,000 ina sura ya Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani humohumo, ya 2,000 ina simba, ya 5,000 ina kifaru, ya 10,000 ina tembo. Kijana wa Serengeti asiyesoma tarakimu anawajua wanyama hao tangu utotoni. Anajifunza kwamba kupunguza gauni ni simba mmoja, kushona sketi ya shule ni kifaru na simba, na kwamba mteja akileta tembo lazima arudishiwe kitu. Asiyeona hupima noti kwa vidole, kwa kuwa kadiri thamani inavyopanda ndivyo karatasi inavyokuwa ndefu. Mwalimu anafungua duka la kuigiza darasani, wanauziana penseli na sabuni, siku ya soko wanakwenda kununua nyanya kweli. Yeye anasimama hatua chache nyuma, kama alivyofanya kwenye cherehani.

Kuna namba ya siri ya simu pia. Siku hizi malipo mengi hupitia simu, na kijana mwenye ulemavu mara nyingi hana laini yake. Pesa zake huingia kwa kaka au mjomba. Kumfundisha tarakimu nne na kutomtajia mtu ni somo la ukombozi kuliko hotuba yoyote. Na kuna mwili. Tarime na Serengeti ni wilaya ambazo mapambano dhidi ya ukeketaji hayajakwisha, na binti mwenye ulemavu wa akili yuko hatarini kuliko dada zake, kwa ukatili wa kila namna, maana wapo wanaodhani hatasema au hataaminiwa. Mwalimu anamfundisha kuhesabu siku zake za hedhi kwenye kalenda, kufua vitambaa vyake, kujua nani anaruhusiwa kumgusa na nani hapana. Neno “hapana” linafanyiwa mazoezi kwa sauti, kwa kusimama wima, tena na tena, kwa sababu aliyelelewa kutii kila mtu hawezi kulitoa kinywani siku ya kwanza anapolihitaji.

Serikali iliuona umuhimu wa jambo hili mapema. Chuo cha Yombo jijini Dar es Salaam kimefundisha ufundi watu wenye ulemavu tangu miaka ya 1970, na vilikuwepo vingine: Sabasaba Singida, Luanzari Tabora, Masiwani Tanga, Mtapika Masasi, na Mirongo jijini Mwanza, ambacho ndicho cha karibu kwa watu wa Mara. Baadhi yake vilisimama kwa miaka mingi kabla ya kufunguliwa tena. Sheria ya 1982 iliwataka waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi wawe na asilimia 2 wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ikashusha kizingiti hadi wafanyakazi 20 na kupandisha kiwango hadi asilimia 3. Musoma kuna Lake Victoria Disability Centre, na vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa 1975 kwa mfano wa Sweden, vina kimoja Tarime. Lakini sensa ya 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa namna fulani. Kwa idadi hiyo, sehemu kubwa ya mafunzo haya itafanyika chini ya mwembe, kwenye ukumbi wa kanisa, au nyumbani, na ubora wake utategemea mtu anayefundisha kuliko jengo.

Iringa walilionyesha hilo. Neema Crafts, mradi wa Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha, ulianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliofundishwa na Susie Hart kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Watu watatu tu. Waliojua wakawafundisha waliofuata, na baada ya muda ukawa na karakana za ufumaji, ushonaji na mengineyo, pamoja na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi na mteja anaagiza kwa kuandika au kwa alama. Wangeanza na vijana 100, nina hakika wasingefika hapo. Mwalimu mmoja hawezi kuhisi misuli ya watu 100.

Kwa sababu hiyo sina subira na kozi za wiki tatu. Kijana anaandikishwa, anafundishwa kwa haraka, anapigwa picha akikabidhiwa cherehani, na ripoti inaandikwa. Miezi sita baadaye mkanda umekatika, hakuna aliyemfundisha kuubadilisha, na cherehani imekuwa meza ya kuwekea vyombo. Wafadhili na halmashauri wakitaka kusaidia kweli, wailipe ile miezi ambayo haionyeshi kitu kwenye picha, miezi ya karatasi zenye matundu na ya mwalimu kukaa kimya. Fedha za kuanzia zipo kisheria: asilimia 2 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri ni ya mikopo isiyo na riba kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Ila mkopo unafaa kwa mtu ambaye mikono yake imeshajua kazi.

Mwanafunzi wa mwisho ni mama. Kijana akirudi nyumbani, mama ambaye kwa miaka yote amemvalisha, amemlisha na kumsemea, anaona akihangaika na kifungo na mkono wake unakwenda wenyewe. Anafanya kwa upendo, na amekuwa akisikia lawama za majirani tangu mtoto alipozaliwa. Mwalimu haji na mahubiri. Anakaa naye barazani, anamwomba amsaidie kuchambua maharage ili mikono ipate shughuli, na wote wawili wanaendelea kuongea huku kijana akifunga vifungo vyake mwenyewe. “Mama, tumwache kidogo,” anasema kwa sauti ya chini. Baba naye huhitaji kushuhudia pesa. Siku kijana anapoweka noti ya simba mezani kwa ajili ya chumvi na mafuta ya taa, mazungumzo ya nyumba hiyo hubadilika, na baba anaanza kuuliza kama cherehani inahitaji kupakwa mafuta.

Mwalimu huendelea kupita nyumbani baada ya mafunzo, akiwa na daftari lake. Hutokea akute binti ambaye mkono wake wa kushoto hauna nguvu anakata kitambaa kwa namna ambayo hakufundishwa. Darasani aliambiwa akibane kitambaa kwa kifundo cha mkono ule dhaifu, na kilikuwa kinateleza kila mara. Nyumbani amechukua pasi ya mkaa, ikiwa baridi, akaiweka juu ya kitambaa mezani, akakata kwa mkasi bila wasiwasi, akaisogeza, akakata tena. Mwalimu anamwomba arudie ili aone vizuri. Kisha anafungua daftari kwenye ukurasa wa kukata, anaifuta hatua aliyoiandika mwenyewe, na anaandika: pasi juu ya kitambaa, kushoto kwa mstari. Chini yake anaongeza kwamba pasi ya darasani ni nyepesi, itafutwe nzito zaidi kabla ya kundi linalofuata kuanza.